Inzi hai au mchoro? Kufundisha njia ya Notch Dodoma

Wapo walimu wanaosema kufuga inzi wa matunda katika vyuo vya Dodoma ni kujichosha bure, kwa kuwa njia ya ishara ya Notch, yaani jinsi seli jirani zinavyopashana habari, hueleweka kwa mchoro. Hoja yao ina uzito. Kwenye nyuzi 25 yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi. Novemba mchana chumba cha kawaida hupita 30, na madume waliokulia joto hilo huwa tasa. Kwenye nyuzi 18 kizazi huchukua karibu siku 20. Ukavu nao hukausha chakula chao, uji wa mahindi, hamira na agari, hadi ukabanduka kwenye kichupa, mabuu wakafa. Beseni la maji ndani ya inkubeta, yaani kabati linalotunza joto lisibadilike, husaidia. Feni huzidisha tatizo.

Tena, inzi haonyeshi ishara yenyewe. Protini iitwayo Delta ya seli moja hushikana na protini ya Notch ya seli jirani, Notch hukatwa, na kipande chake cha ndani huingia kwenye kiini kuwasha jeni. Hapo mchoro unashinda.

Usichoweza mchoro ni kumfanya mwanafunzi aamini kwamba kiasi cha Notch ndicho kinachoamua. Jike mwenye nakala moja mbovu ya Notch hutoka na mabawa yaliyomeguka nchani. Jeni ya Notch iko kwenye kromosomu X, na dume ana X moja tu; akirithi iliyo mbovu hufa akiwa kiinitete, seli zilizopaswa kuwa ngozi zikiwa zimegeuka za neva. Ukihesabu majike 2 kwa kila dume 1, umeelewa.

Ila hesabu hiyo ina mtego, na ndipo wengi hupotea. Mama hutunzwa akiwa na Notch mbovu kwenye X moja na nyingine ikiwa FM7, X iliyopangwa upya isibadilishane vipande na mwenzake, ambayo jike mwenye nakala yake moja huwa na jicho la umbo la figo. Hupandishwa na dume wa kawaida, lakini usipomtenga ndani ya saa 8 tangu atoke kwenye pupa, atakuwa ameshapandwa na kaka yake mwenye FM7, na uwiano utabaki uleule 2 kwa 1! Kinachofichua kosa ni jicho: binti mwenye bawa lililomeguka anapaswa kuwa na jicho la mviringo. Likiwa na umbo la figo, mama hakuwa bikira.

Kwa hiyo chuo kisicho na inkubeta na umeme wa akiba kibaki na mchoro. Chenye navyo kifuge aina hii moja, vichupa viwili kwa tarehe tofauti, kikihamishia inzi kwenye chakula kipya kila wiki mbili.