Kuiita NOD2 "jeni ya Crohn" ni kupotosha

Kuna makala inayosema NOD2 ni "jeni ya ugonjwa wa Crohn", yaani ule uvimbe sugu wa utumbo. Hapana jamani. Jeni hii, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, kazi yake ni kutoa maelekezo ya protini inayokaa ndani ya seli na kunusa vipande vya ukuta wa bakteria. Ikivinasa, inaiamsha RIPK2, protini ya kupokeza ujumbe, nayo inapeleka habari hadi NF-kB, protini inayowasha jeni za kinga, ndipo kinga inapopandisha moto. Mwaka 2001 ndipo aina zake zenye kasoro zilipohusishwa na Crohn. Ajabu yenyewe: kasoro zile kuu humdhoofisha mlinzi huyu, hazimchochei, na bado utumbo unavimba! Hapo mwandishi kapita kimyakimya. Tena wengi walio nazo hawaugui Crohn kabisa.