Akitoka Kituoni, Alale Wapi?

Kijana anayenibebea viazi Marikiti alitoka kituo cha watoto akiwa na miaka 18, begi moja na cheti cha kuchomelea vyuma. Siku mbili za kwanza alilala kwa rafiki yake Huruma. Ya tatu rafiki akachoka naye. Wiki haikuisha kabla hajarudi besi yao ya zamani, walikokuwa wakilala nyuma ya steji ya matatu, cheti amekikunja ndani ya pakiti ya unga kisilowe.

Kila nikisikia mtu akisema chokoraa, watoto wa mitaani, hawasaidiki, kwamba wanafundishwa kisha wanarudi mtaani kwa hiari yao, namkumbuka huyu. Angeenda wapi kwingine?

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Tangu 2003, serikali ya muungano wa NARC ilipoanzisha hazina ya kuwarekebisha na kupeleka vijana wengine NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa), mawazo yetu hayajasogea: mwokote, mwogeshe, mfundishe, mwachilie. (Hilo neno "kuwarekebisha" huniudhi. Ni redio mbovu hawa?) Hapo katikati pamekosekana chumba. Mwongozo wa serikali wa 2014 kuhusu malezi mbadala unataja hata vijana kusaidiwa kuishi kwa kujitegemea huku wakiangaliwa, kwa hiyo kwenye karatasi tuko sawa.

Njoo sasa kwa plot, zile nyumba za kupanga. Chumba cha mabati alichokiona kilikuwa 2,500 kwa mwezi, na dipositi kiasi hichohicho. Alibeba mizigo mpaka akazipata. Keateka, msimamizi wa plot, akamwomba kitambulisho. Hana. Kukipata, anatakiwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, na mamake alimwona mara ya mwisho akiwa darasa la pili. Akatumwa kwa chifu, chifu akamtuma alikozaliwa, nako hakuna anayemjua. Zile elfu tano zikaliwa kidogo kidogo.

Wamarekani wamejaribu nyumba za mpito miaka mingi: unakaa hadi miezi 24, una mshauri, una masharti. Utafiti wa serikali yao ulioanza kuandikisha watu 2010, ukafuatilia familia 2,282 katika maeneo 12, uligundua kwamba waliopewa vocha ya muda mrefu ya kulipia kodi ya nyumba ndio waliotulia zaidi. Wa nyumba za mpito hawakuwapita sana walioachwa wajitafutie. Najua kuna watakaoushika utafiti huo waseme tusijisumbue. Lakini zile zilikuwa familia zenye mtu mzima ndani. Huyu wangu amekulia bwenini. Hajawahi kununua tokeni ya stima wala kupanga unga ufike mwisho wa wiki. Anahitaji kodi, na anahitaji mtu.

Kwa hiyo sitaki bweni lingine lenye geti na bango la mfadhili. Ningekuwa na usemi, pesa za bweni kama hilo zingekodi vyumba vya kawaida, kwenye plot za kawaida, vijana wakiishi kati ya majirani. Miezi minne ya kwanza kodi yote ilipwe, minne inayofuata nusu, kisha robo mpaka mwaka uishe. Afisa mmoja awe na vijana watano au sita, si sitini, na kazi yake ya kwanza iwe kukimbizana na hicho kitambulisho kabla kijana hajatoka kituoni.

Huyu wa viazi aliokolewa na mama mboga, aliyemchukulia chumba kwa jina lake mwenyewe mwezi wa kwanza. Nilipomtembelea tulitoka pamoja. Alifunga kufuli, tukafika barabarani, akarudi kuhakikisha. Tukaanza tena kutembea, akasimama, akarudi mara ya pili. Nikamngojea.