Filamu ya Sinema Kwenye Kamera za 120: Tunaipima kwa Kasoro Isiyo Yake

Miongoni mwa wapiga picha wa Mwanza wanaoendelea kutumia mikanda ya 120, ile filamu pana inayoingia kwenye kamera kama Yashica-Mat, Lubitel au Mamiya, kuna hoja isiyochoka kurudi: filamu ya sinema ni mbwembwe za gharama. Ushahidi unaotolewa ni zile picha za usiku zenye duara jekundu kuzunguka kila taa, pamoja na picha za mchana zilizopauka kama zilianikwa juani. Wanaosema hivyo si wavivu wala wabishi. Wamechoma fedha zao, wakaona matokeo, wakahukumu. Kinachonisumbua ni kwamba mashtaka yote mawili yanaangukia kitu ambacho filamu yenyewe haikufanya.

Tuanze na duara jekundu. Filamu za sinema za Kodak ziitwazo Vision3 zilitengenezwa kwa miaka mingi zikiwa na tabaka la masizi mgongoni, liitwalo remjeti. Lilizuia mikwaruzo na umemetuli, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumeza mwanga uliopenya filamu ili usirudi kugonga rangi mara ya pili. CineStill 800T, ambayo wengi ndiyo filamu yao ya kwanza ya sinema, ni Vision3 500T iliyoondolewa remjeti kabla ya kuuzwa ili iweze kusafishwa kwa dawa za C-41, zile za kawaida za filamu za rangi. Bila masizi yale, mwanga mkali unapenya, unagonga nyuma na kurudi kwenye tabaka lililo chini kabisa, ambalo ndilo linalonasa wekundu. Ukipiga taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza kwa filamu ambayo remjeti yake bado ipo, kila taa inabaki taa.

Shtaka la kupauka ndilo lenye uzito, na ndilo ninaloona halijaeleweka kabisa.

Filamu ya kawaida ya C-41 imepangwa iwe na kontrasti ya kama 0.65: kila mwanga unavyoongezeka, negativi inaongezeka uzito kwa kiasi hicho. Ya sinema ni ndogo zaidi, kama 0.5, kwa sababu negativi ya sinema haikukusudiwa kuwa picha ya mwisho. Ilikusudiwa kuchapwa kwenye filamu nyingine yenye kontrasti kubwa, na siku hizi kuingia kwenye kompyuta ya kurekebisha rangi. Anayeiskani na kuitazama ilivyo anatazama kazi iliyofika nusu.

Sasa chukua hesabu hiyo uende nayo Mwaloni, Kirumba, saa sita mchana. Mwanza iko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri husimama karibu kabisa na utosi. Dagaa walioanikwa wanang'aa kama fedha, ziwa nyuma linarudisha mwanga machoni, na mama anayewageuza amefunika kichwa, uso wake wote ukiwa kivulini. Tuseme kati ya dagaa wale na kivuli cha macho yake kuna stopu 10, kila stopu ikiwa ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Stopu moja ni 0.3 kwenye mizani ya logi ya mwanga, kwa hiyo stopu 10 ni 3.0. Zidisha kwa 0.65 unapata uzito wa negativi wa 1.95, zidisha kwa 0.5 unapata 1.5. Tofauti ya 0.45 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ni stopu moja na nusu ya uzito ambao skana ya mezani, au kamera ya dijitali inayonakili negativi, haitalazimika kuupenya. Negativi hiyo nyepesi ndiyo inayokuachia magamba ya dagaa na uso wa yule mama katika fremu moja, bila kuchagua nani apotee.

Narudia hilo la uso kwa makusudi. Tumezoea picha za ufukweni ambamo maji yametoka vizuri na watu wamekuwa vivuli. Ngozi nyeusi kivulini, mbele ya ziwa linalong'aa, ni kipimo kigumu kwa filamu yoyote, na mpiga picha asiye na nafasi humwongezea mtu mwanga kwa kuliunguza ziwa, au hulinda ziwa kwa kumfuta mtu. Filamu yenye kontrasti ndogo inampa nafasi ya kuwatunza wote wawili. Kontrasti anayoitaka ataiongeza baadaye, kwa kipimo chake mwenyewe. Maelezo yaliyokwisha kupotea hayaongezeki.

Lakini faida hiyo ina sharti, na hapa wapinzani wanasimama mahali imara. Lazima filamu isafishwe kwa ECN-2, dawa yake yenyewe, inayotumia kemikali ya kutoa rangi iitwayo CD-3 kwenye nyuzi 41.1 za Selsiasi kwa dakika tatu. Ukiipeleka C-41, ambayo hutumia CD-4, kontrasti inapanda na rangi zinapinda. Umelipia kitu kisha ukakitupa. Studio nyingi zilizokuwa zikisafisha mikanda zimehamia dijitali, na maabara ya C-41 iliyobaki popote ina haki ya kuikataa filamu yenye remjeti, kwa sababu masizi yanachafua dawa na kuganda kwenye mikanda ya wateja wengine. Anayeitaka inabidi asafishe mwenyewe, kwa beseni la maji ya moto, kipimajoto, na maji ya uvuguvugu yenye baikaboneti ya soda ya kulainishia masizi. Kwa mtu wa harusi anayesubiriwa na wateja, hiyo si njia. Hata anayechapa kwenye karatasi za chumba cha giza abaki na filamu ya kawaida. Karatasi hizo hazikutengenezwa kwa negativi laini kiasi hiki.

Jambo moja limebadilika. Mwaka 2025 Kodak ilitangaza kuwa Vision3 zinaachana na remjeti na kuwekewa tabaka jingine la kumeza mwanga, lililo chini ya rangi na linalotoweka wakati wa kusafisha. Kero ya masizi inaondoka, na kinga dhidi ya duara jekundu inabaki.

Bei haijaondoka. Mkanda wa 120 una upana wa takribani milimita 61, na filamu ya sinema iliyo karibu nao ni ya 65mm, inayouzwa kwa marobota; robota la futi 1,000 linatoa zaidi ya mikanda 350, kwa hiyo mtu mmoja hanunui, anategemea wanaokata na kufungasha. Kama robota lilikuwa na matundu pembeni, eneo safi katikati ni milimita 52 na ushee, wakati fremu ya 6x6 inataka kama 56. Matundu yataingia kwenye picha usipoikata kingo. Baadhi ya filamu hizi pia ni nene kuliko mikanda ya kawaida ya 120, hivyo mkanda unanenepa kwenye kigurudumu na unaweza kuvuja mwanga ukitolewa juani.

Kwa mwanga wa hapa ningeiacha 500T, iliyopangwa kwa mwanga wa manjano wa balbu za tungsteni na inayodai filta ya 85, ya rangi ya chungwa, mchana, nikachukua 250D, iliyopangwa kwa mwanga wa mchana, nikaipiga kama ISO 200. Kabla ya kutuma fedha muulize muuzaji mambo matatu: ina remjeti au tabaka jipya, ilikatwa kutoka robota lenye matundu au lisilo nayo, na ilitengenezwa lini. Asiyeweza kujibu hayo, mwachie mkanda wake.