Uchumi wa hesabu Bukavu: tuanze na ubao au na soko la Kadutu?

Mwanafunzi wa uchumi hapa Bukavu anaweza kutoka sehemu yoyote ya sekondari. Mmoja alisoma hisabati na fizikia, mwenzake pedagojia, mwingine biashara. Wote wana diploma ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, wote wanaketi ukumbi mmoja, na mapema tu ubao unajaa milinganyo. Tupunguze hesabu, au kila mtu aifuate hivyo hivyo?

Wanaotetea hesabu wana haki. Anayemaliza bila kuelewa regresioni, njia ya kupima kwa data jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine, atakwama kwenye masomo ya juu, na akipewa data za uchunguzi wa kaya atahitaji mtu wa kumsomea. Kumpunguzia kwa huruma ni kumnyima kazi aliyoijia chuoni.

Lakini anayemeza fomula ili apite mtihani naye hajajua uchumi. Anaandika derivati, yaani kasi ya badiliko, bila kosa. Muulize kama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, apandishe bei, ananyamaza.

Mimi naanzia Kadutu. Tuseme mama anauza vipimo 40 vya sambaza kwa siku, kimoja franka 5000. Akipandisha hadi 6000, anauza 30. Bei imepanda asilimia 20, mauzo yameshuka asilimia 25: unyumbufu, yaani asilimia ya badiliko la mauzo ukigawa kwa ile ya bei, ukiacha alama ya kutoa, ni 1.25, na mapato yameshuka kutoka franka 200,000 hadi 180,000. Hesabu hii haimshindi mtu aliyezoea kubadilisha dola kwa franka. Sasa arudishe bei 5000. Imeshuka karibu asilimia 17, mauzo yamepanda karibu 33, na unyumbufu ni 2. Bei ni zilezile, mauzo ni yaleyale, majibu mawili! Ubishi unaozuka hapo ndio ninaoutaka, hasa ukifanywa kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa, kwa sababu unaisha pale badiliko la bei linapofanywa dogo, dogo kabisa. Hapo derivati inaingia ikiwa imeshahitajiwa.

Njia hii inakula saa za kozi, na waliotoka hisabati watachoka kusubiri. Hasara hiyo ni ya kweli. Wala sambaza hazimfundishi mtu matriki, yale majedwali ya namba. Milinganyo lazima ifuate, na mazoezi ya kila wiki yasahihishwe, jambo ambalo mwalimu mmoja hawezi mbele ya ukumbi uliojaa. Chuo kinachodai hesabu kilipe wasaidizi wa kusahihisha.