Yule dubu si wa watoto peke yao

"Wawekee watoto katuni yao, sisi wakubwa tuongee mambo ya maana." Shemeji yangu alisema hivyo Jumapili, hapa nyumbani Nkuhungu, tulipomaliza kula. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alichukua kiti chake akatoka nje kwenye kivuli cha mwarobaini, akaendelea na habari za viwanja, maana Dodoma hii tangu Serikali ihamie huku mazungumzo ya wakubwa yanaanzia kwenye viwanja na kuishia hapo hapo. Mimi kauli ile imenikaa rohoni hadi leo, na nimeamua kuijibu hapa kwa urefu.

Kwanza, nilichotaka kuweka hakikuwa katuni. Ilikuwa Paddington 2, filamu ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Paul King, ya yule dubu mdogo kutoka Peru anayeishi London na familia ya Brown, mwenye kofia nyekundu na koti la bluu. Watu wote humo ndani ni watu wa kweli, dubu ndiye aliyechorwa kwa kompyuta. Lakini hata ingekuwa katuni tupu, hoja yangu ingebaki ile ile. Hii tabia ya kugawa sebule, watoto huku na wakubwa kule, inatunyima kitu ambacho wazee wetu walikuwa nacho bila umeme.

Wanaozitetea filamu za aina hii huwa wanasema zinafaa kwa wote kwa sababu zina vichekesho vya aina mbili: vya watoto, na vingine vya wakubwa vilivyopitishwa juu ya vichwa vya watoto. Mimi sikubaliani nao. Filamu ya namna hiyo ipo, tena ziko nyingi, na ndizo zinazoharibu. Baba anacheka, mtoto anageuka kumuuliza, "Baba, umecheka nini?" na baba hana cha kujibu. Hapo tayari mtoto ameshajua kwamba kuna mlango amefungiwa. Filamu iliyo njema haina milango miwili. Bibi na mjukuu wanacheka kitu kimoja, kwa sababu moja, sekunde ile ile.

Chukueni ile sehemu ya gerezani. Dubu amesingiziwa wizi, amefungwa, na kazi aliyopewa ni kufua. Soksi moja nyekundu inachanganyika na sare za wafungwa, na sare zote zinatoka na rangi ya waridi. Halafu tunawaona wale wanaume wenye misuli na michoro mwilini wakiwa wamekaa kwenye bwalo la chakula na nguo zile, kimya, wakimtazama. Hakuna neno la Kiingereza unalohitaji kulijua hapo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Mpwapwa, alikuwa anabangua karanga, ungo uko mapajani. Mkono wake ulisimama hewani. Aliangalia sare zile, akaangalia nyuso za wale wababe, akacheka mpaka karanga zikamwagika kwenye mkeka. Watoto nao walikuwa wanagaragara chini. Nikawauliza watoto wanacheka nini, wakasema, "Wamevaa nguo kama za dada!" Nikamuuliza mama, akasema, "Wanaume wazima, wamepatikana na soksi!" Maneno tofauti, lakini wote walikuwa wanacheka wababe waliopoteza ubabe wao.

Na jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko vichekesho: filamu ile haimcheki dubu wake. Hakuna mtu katika London ile anayeshangaa dubu anaongea. Daktari wa mtaani anatoka nyumbani kila asubuhi, na dubu ndiye anayemkumbusha funguo zake. Siku dubu akiwa gerezani, daktari anajifungia nje. Yule jirani anayemchukia, bwana aliyejipa mwenyewe cheo cha kulinda mtaa, hamchukii kwa sababu ni mnyama anayesema. Anamchukia kwa sababu ni mgeni. Jirani huyo watu wazima wa Dodoma tunamjua, na watoto wanamjua vilevile: ni yule asiyerudisha mpira ukiingia uani kwake.

Ndivyo zilivyokuwa hadithi za sungura na fisi. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" na sisi tukaitikia "Hadithi njoo!", hakuna aliyeuliza sungura kajifunzia wapi kusema. Na wakubwa hawakuondoka. Baba zetu wadogo walikuwa pale pale, wamekula ugali wa uwele na mlenda, wanamzomea fisi kwa sauti kuliko sisi. Fisi alipodanganywa tena kwa mara nyingine, walipiga makofi. Hakuna mtu aliyewaambia kwamba hayo ni mambo ya watoto.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya niandike.

Filamu inaanza Peru. Shangazi Lucy na Mjomba Pastuzo, dubu wawili wazee, wako mbioni kutimiza ndoto ya kwenda London. Wanaona kitoto cha dubu kinachukuliwa na maji mtoni. Wanakiokoa. Na safari ya London inaishia hapo, kwa sababu wana mtoto wa kulea. Miaka mingi baadaye, mtoto yule ndiye aliyefika London, na shangazi yake anakaribia kutimiza miaka 100. Dubu anaona dukani kitabu cha zamani cha London, kile ambacho ukifungua ukurasa nyumba za karatasi zinasimama. Anataka kumtumia shangazi, ili London ambayo hakuifikia imfuate kule aliko. Hana pesa, kwa hiyo anatafuta vibarua: anasafisha madirisha ya watu, anafagia kinyozini. Kuna dakika chache pale dukani ambapo anafungua kitabu na kujiona anatembea na shangazi yake ndani ya mji ule wa karatasi, amemshika mkono, anamwonyesha daraja, anamwonyesha mto. Bibi kizee wa watu anatazama juu kama mtoto.

Niambieni hiyo ni ya watoto.

Nyumba ngapi hapa Dodoma zimejaa watu waliolelewa na shangazi, na mama mdogo, na bibi? Wangapi tuliletwa mjini na mtu ambaye aliacha jambo lake ili sisi tusome? Kuna mwanamke kule Kondoa au Kongwa ambaye hajawahi kupanda treni hii mpya ya umeme kwenda Dar es Salaam, kwa sababu nauli yake ya miaka yote iligeuka kuwa daftari na viatu vya mtu mwingine. Mtu mzima aliyelelewa hivyo akiliona daraja lile la karatasi, koo lazima limkabe. Mimi lilinikaba. Na mtoto aliyekaa pembeni yako haelewi yote, lakini anaelewa kwamba dubu anampenda shangazi yake na anataka kumpa kitu kizuri. Hilo ndilo jambo lenyewe. Sisi wakubwa hatuna la zaidi ya hapo, tuna miaka mingi tu ya kulikumbuka.

Wala haikutokea kwa bahati. Michael Bond, aliyemtunga dubu huyu na kutoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1958, alimfikisha kwenye stesheni ya treni ya London akiwa na kikaratasi shingoni kinachoomba atakayemwona amtunze. Picha hiyo aliitoa kwa watoto aliowaona wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliohamishwa kutoka mijini kuepuka mabomu, majina yao yakiwa yamefungwa shingoni. Ndani ya kichekesho kile kuna mtoto aliyekabidhiwa kwa watu asiowajua. Ndiyo maana hakiishi utamu.

Nakubali, si kila mtoto ataimaliza. Sehemu ya mwishoni, dubu anapokwama kwenye behewa lililozama, mtoto wetu wa mwisho alijificha mgongoni kwa bibi yake na hakutoka mpaka aliposikia wenzake wanashangilia. Nakubali pia kwamba filamu nyingi za wanyama wanaoongea ni kelele tu, na mzazi anayezikimbia simlaumu. Huyu mzazi nimlaumuye ni yule anayekimbia kabla hajaangalia.

Kikwazo cha kweli ni lugha. Mama mkwe aliyafurahia ya soksi bila mkalimani, lakini maneno ya Shangazi Lucy ilibidi nimnong'oneze, na unong'onezi unaua utamu. Nchi hii inajua dawa yake. Lufufu, yule msimulizi wa filamu, alituwekea Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong na Marekani, na vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, vikajaa wazee kwa vijana wanaocheka pamoja. Leo tamthilia za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili, na mama zetu wanapanga jioni zao kuzifuata. Watu wa kazi hiyo wapo, studio zipo. Kwa nini masultani wapate Kiswahili na dubu asipate? Filamu za familia zikiingizwa Kiswahili na kuoneshwa likizo ya Desemba, saa ambayo nyumba nzima imerudi, nina hakika kiti cha shemeji kitabaki ndani.

Na wakiifanya kazi hiyo, nawaomba jambo moja. Wasimpe Shangazi Lucy sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Watafute mama mtu mzima wa huku kwetu, mwenye Kiswahili kinachosikika kwamba nyumbani kilianzia kwenye Kigogo, anayevuta maneno taratibu, anayesema "mwanangu" kwa mtoto asiyemzaa na asikike kwamba anamaanisha.