Mwendokasi: Tuanze na Nafasi Kati ya Basi na Basi

Mradi wa mabasi ya mwendokasi ukitangazwa, vinavyosifiwa kwanza ni skrini za vituoni, programu ya simu na kadi. Naona tunaanzia mwisho. Kazi ya kwanza ya teknolojia katika mabasi haya ni kulinda nafasi kati ya basi na basi.

Chukua njia ambayo basi hupita kila dakika 5. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba atasubiri, kwa wastani, dakika 2 na nusu. Basi moja likichelewa kidogo, linakuta watu wengi zaidi, upakiaji unachukua muda, nalo linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta watu wachache, linaondoka upesi, mwishowe linalifikia. Sasa yanakuja mawili mawili kila dakika 10, na wastani wa kusubiri umekuwa dakika 5. Mabasi ni yale yale, madereva wale wale, mafuta yale yale, ila abiria amepunjwa. Tena la mbele limejaa hadi mlangoni, la nyuma lina viti vitupu!

Ndiyo maana nataka skrini ya dereva imwonyeshe jambo moja: dakika zilizopo kati yake na aliye mbele, na kati yake na aliye nyuma. Chumba cha uongozaji nacho kiwe na mamlaka ya kumwambia "subiri hapo kituoni kidogo", naye atii bila hofu ya kukatwa mshahara kwa kuchelewa. Pasipo mamlaka hayo, GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoonyesha kila basi lilipo, inabaki kuwa ramani ya kutazama ukutani.

Taa za barabarani pia hukosewa. Wengi hudai kila basi linalokaribia makutano lipewe kijani. Lakini basi ambalo tayari limelisogelea la mbele, ukilipa kijani unazidi kuyabananisha. Kipaumbele ni cha lile lililoachwa nyuma. Jingine lingoje zamu yake.

Curitiba, Brazili, walianza njia maalumu za mabasi mwaka 1974, na mwaka 1991 wakaleta vituo vya umbo la bomba, ambamo abiria hulipa kabla ya kupanda. Busara yake iko wazi: ucheleweshaji mwingi huzaliwa mlangoni mwa basi. Siku hizi geti la kadi linaweza kufanya zaidi ya kukusanya nauli. Linahesabu walioingia kituoni, na chumba cha uongozaji kikajua msongamano kabla basi halijafika. Sijui kwa nini hesabu hizo huishia idara ya fedha.

Halafu kuna mkataba na mkandarasi anayeleta mfumo huu, na hapa nasisitiza sana. Kumbukumbu za mwendo wa mabasi ziwe mali ya mamlaka ya usafiri, na ratiba zitolewe katika muundo ulio wazi, unaoweza kusomwa na programu yoyote, kama GTFS, uliozaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani. Vinginevyo mkandarasi akiondoka na kumbukumbu zake, mamlaka haitaweza kusema hata jana mabasi yalipishana kwa dakika ngapi.