Nguruwe pori wa Ulaya sio huyu wa kwetu, muacheni huko huko

Mwezi huu peke yake nimeulizwa mara tatu na vijana wanaotaka kuanza ufugaji, kaka we umefuga kitimoto miaka yote hii, nikipata vitoto vya nguruwe pori nikavichanganya na hawa wa kawaida si napata mbegu ngumu isiyougua, halafu nyama yake bei juu? Wote wameona video zile zile, mzungu ana eka zake chache za msitu kazungushia fensi, madume yenye manyoya yanafukua mizizi, anauza kwa mahoteli. Inavutia, sikatai. Ila jibu langu ni hapana, na hili jambo linaniuma ndo maana nimekaa kuliandika.

Kwanza yule sio huyu. Nguruwe mwitu wa Ulaya ndiye babu wa nguruwe wetu wa bandani, damu moja, wakipandishwa wanazaa vizuri tu. Na hata huko hafugwi kienyeji, Uingereza yupo kwenye sheria ya wanyama hatari ya mwaka 1976, bila leseni ya halmashauri humuweki. Huyu wa kwetu anayemaliza mihogo ya watu usiku ni ukoo mwingine kabisa, na ngiri naye ni mwingine tena. Vitoto vya huyu nguruwe pori wa kwetu vina mistari mgongoni kama vya kule, basi watu wanadanganyika hapo. Sasa kama damu sio moja, hesabu ya chotara imeshakufa kabla hujanunua hata bati moja.

Halafu hiyo "mbegu isiyougua". Jamani. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921, walowezi wameleta nguruwe wao wa kizungu, wanakufa banda zima, huku ngiri na nguruwe pori wanadunda tu kama hakuna kitu. Kirusi kimeishi nao miaka na miaka, ngiri anakipata kwa kupe wa kwenye mashimo yake akiwa bado mdogo, na haumwi. Nguruwe pori naye anaweza kukibeba akaonekana mzima kabisa, ukimweka banda moja na majike yako anawaambukiza. Kwa hiyo unachokiita ugumu ndio hatari yenyewe, umemleta mbebaji nyumbani ukampa na pumba.

Mimi nimefukia nguruwe 17, wanne ni majike yenye mimba. Jumatatu jike moja limegoma kula, nikajua ni joto, Jumanne masikio na tumbo vimekuwa vyekundu mpaka zambarau, Ijumaa nilikuwa nachimba shimo na mke wangu hataki hata kutoka nje aone. Jirani alikuwa kanunua vitoto viwili vya porini kwa wawindaji wanaotumia mbwa wiki chache kabla. Siwezi kuapa ilitoka kwake maana kipindi kile watu walikuwa wanachinja hata walioumwa na kuuza, na kirusi kinakaa kwenye nyama muda mrefu. Bwana mifugo akaja, akachukua sampuli, akaweka karantini, dawa akasema hakuna. Banda lilikaa tupu zaidi ya nusu mwaka na mkopo unaendelea kudai.

Huo ugonjwa mwaka 2007 ulifika nchi ya Georgia ukasambaa Ulaya, na kule nguruwe mwitu wao wanakufa nao na kuusambaza. Denmark mwaka 2019 wakajenga fensi ya kama kilomita 70 mpakani na Ujerumani ili wasivuke. Nchi nzima imeogopa, we na waya wa kuku utaweza?

Wapo wanaosema basi tufuge swala. Swala pala anaruka mpaka mita 3 kwenda juu, na ukimkimbiza sana ili umkamate misuli inaharibika, anaweza kukufia hata siku kadhaa baadae bila jeraha. Na Tanzania mnyamapori ni mali ya serikali, kibali kinatoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ukikutwa naye huna karatasi kesi yako ni nyara za serikali, na kesi hiyo sio ya faini ya kuchangiwa na ukoo.

Hela ya kununua hivyo vitoto vya porini weka kwenye fensi mbili, ya ndani na ya nje zimeachana, nguruwe pori asifike puani kwa wako. Gumbuti za bandani zisitoke bandani. Makombo ya hotelini chemsha kwanza, kila siku, hata ukiwa umechoka.

Kati ya wale vijana watatu, mmoja ameshatoa advansi ya vitoto viwili na ana majike sita yanayokaribia kuzaa. Mdogo wangu, hiyo advansi isamehe.